Mlango Unafungukia Wapi?

Kijiji chetu cha Mlingotini kiko ufukweni, kusini ya mji wa Bagamoyo, ukishaipita Kaole yenye magofu ya msikiti wa kale na ukishaipita Mbegani. Jina lenyewe limebeba mlingoti ndani yake, na zamani zetu mtoto aliyezaliwa pale aliijua milingoti ya mashua kabla hajaijua nguzo ya umeme. Wanaume wengi ni watu wa bahari. Wanawake wengi, tangu miaka ya tisini, wamekuwa wakilima mwani. Maji yakipwa huingia na kamba zao, wakafunga mche mmoja mmoja kwa taitai, mpaka maji yajae tena na kuwafukuza.

Baba yangu hakuwa mtu wa bahari. Alikuwa seremala, na katika useremala alipenda milango. Vitanda alitengeneza, meza alitengeneza, na jeneza aliwahi kulitengeneza usiku mmoja bila kuomba malipo. Lakini ukimtajia mlango alikaa vizuri kitini. Ukutani mwa banda lake zilining'inia mbao nyembamba zilizochorwa alama za kisu. Hizo zilikuwa vigezo vyake. Kigezo kimoja kilikuwa cha mlango wa mbele wa mabawa mawili, na alama zake zilionyesha mwimo, kizingiti na mfaa. Kingine cha mlango wa chumba. Kingine cha mlango wa choo. Hakupima upya kila mara. Alichukua kigezo, akakilaza juu ya ubao wa mninga au mkongo, akapiga alama, akakata.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja ambalo hakuliandika kwenye kigezo chochote. Kabla ya kukata, alikwenda mwenyewe kwenye nyumba inayojengwa, akasimama katika uwazi wa ukuta, akamwita mwenye nyumba, na mara nyingi zaidi mke wa mwenye nyumba, akauliza: "Mlango huu unafungukia wapi?" Kisha yakafuata mengine. Kitanda kitakaa upande gani? Mtungi wa maji je? Kusi likivuma, mlango utajipigiza? Kaskazi je? Mimi nilikuwa mtoto wa kumbebea kikapu cha misumari, na maswali hayo yalinichosha. Niliona kwamba mlango ni mlango. Utie, uondoke, ukalipwe.

Ndugu msomaji, nimeanza na baba kwa sababu makosa ninayotaka kuyasimulia niliyafanya mbele ya kompyuta, lakini mwenye kuyalipia alikuwa yeye.

Niliajiriwa mwaka 1987 katika ofisi moja ya wasanifu majengo mjini Dar es Salaam, nikiwa mchora ramani. Wakati ule tulichora kwa kalamu za Rotring juu ya karatasi angavu, rula ya T ikiwa kushoto na wembe ukiwa kulia. Wembe ulikuwa wa kukwangulia wino uliokosewa, na mtu aliyekwangua mara mbili mahali pamoja alitoboa karatasi na kuanza upya. Tulikuwa na vigezo vya plastiki vyenye matundu: tundu la sinki, tundu la choo, robo duara la mlango. Nilipovishika mara ya kwanza nilivikumbuka vile vya baba ukutani. Ulilaza kigezo, ukazungusha kalamu ndani ya tundu, mlango ukawa umekaa.

Kompyuta zilichelewa kutufikia. Mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata amri ile ilipolegezwa, mashine zilikuwa ghali na umeme wa mashaka. Ofisini kwetu zilifika mbili mwaka 1994, pamoja na programu ya AutoCAD, toleo la 12, iliyokuwa ikiendeshwa kwa amri za kuandika kwenye kioo cheusi. Programu hiyo ilianza kuuzwa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwishoni mwa mwaka 1982. Mkuu wetu alituita sote, akatuambia kwamba atakayeijifunza atabaki, na atakayeiogopa atajijua mwenyewe. Niliogopa, nikajifunza.

Jambo la kwanza lililonivutia katika mashine ile ni lile la bloku. Unachora mlango mara moja: ubawa wake, na robo duara linaloonyesha unavyofunguka. Unaupa jina, na unachagua nukta moja ya kuushikia. Mimi nilichagua bawaba. Kuanzia hapo mlango ule si mistari tena bali ni kitu kimoja, na ukiuita kwa amri ya INSERT unakuja mzima. Mashine inakuuliza uuweke wapi, uukuze mara ngapi kwa upana, mara ngapi kwa urefu, na uuzungushe nyuzi ngapi. Niliuchora mlango wangu ukiwa na upana wa kipimo kimoja tu. Nikitaka mlango wa milimita 900, niliukuza mara 900. Nikitaka wa choo, mara 700. Nikitaka bawaba zihamie upande wa pili, nilitia alama ya kutoa mbele ya tarakimu ya upana, na mlango ukageuka kama sura katika kioo. Kwa madirisha ilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa dirisha unaweza kulivuta kwa upana wa uwazi na kwa unene wa ukuta, kila kimoja kwa kipimo chake. Mlango haukubali hivyo. Ukiuvuta pande mbili kwa vipimo tofauti, robo duara lake linapindika na kuwa yai.

Lakini kujibu maswali yale manne kwa kila mlango, katika jengo lenye milango 60, kulichosha vidole. Ndipo nilipoambiwa kwamba ndani ya AutoCAD imo lugha ambayo mtumiaji anaweza kuandikia amri zake mwenyewe. Lugha hiyo ni AutoLISP, iliyowekwa humo katikati ya miaka ya themanini, na mama yake ni LISP, iliyobuniwa na John McCarthy kule Marekani mwaka 1958. Kazi yake yote ni mabano. Kila bano linalofunguliwa lazima lifungwe, na ndani ya mabano kuna mabano mengine, kama matundu ya dema. Ukiacha jicho moja wazi, samaki wote wametoka. Nilikuwa na kitabu kimoja cha maelekezo, cha Kiingereza, ambacho tulikisoma kwa zamu. Nilijifunza usiku, baada ya kazi, katika miaka ile ya mgawo wa umeme, nikihifadhi faili kila baada ya mistari mitatu maana sikujua ni lini nitaachwa gizani.

Ninakumbuka jaribio langu la kwanza. Lipo neno getpoint, linaloisimamisha programu ili mtumiaji aonyeshe nukta kwa kipanya. Lipo na neno getangle, linalomwomba aonyeshe mwelekeo, na uzi unanyooka kwenye kioo kutoka nukta ile hadi kipanya kilipo. Niliyapanga maneno hayo, nikaipeleka nukta na pembe kwenye amri ya INSERT, nikaijaribu. Milango ikaja yote imelala, ila imeinuka kidogo tu, kama ngalawa inayoanza kuegemea upande. Niliwaza siku mbili. Kisha nikagundua kwamba getangle hurudisha pembe kwa radiani, na INSERT hupokea nyuzi. Pembe mraba ya nyuzi 90 ni radiani 1.57, na mashine kwa utii wake ilikuwa ikiizungusha milango yangu nyuzi moja na nusu. Haikukosea. Ilifanya nilichosema.

Nilirekebisha. Nikakumbana na kosa la pili: mashine ina mtego wa kunasa ncha za mistari, na mtego huo ukiwa umewashwa, nukta uliyoipeleka kwa programu inaweza kuvutwa na ncha ya mstari mwingine iliyo karibu. Milango ikahamia kwenye kona. Nikajifunza kuuzima mtego kabla ya kuingiza na kuuwasha baada ya hapo, na kuandika kipande cha kuurejesha hata kama mtumiaji amekatiza kazi katikati. Kidogo kidogo programu ikasimama wima. Niliiita MLANGO.

Maswali yake niliyaandika kwa Kiswahili. Sikuona sababu ya kuwauliza wenzangu kwa Kiingereza jambo wanalolijua kwa Kiswahili. Hapo nikapata kikwazo kidogo cha kuchekesha. Programu iliuliza kama bawaba ni za kushoto au kulia, na ilipaswa kupokea kifupisho, lakini maneno yote mawili yanaanza na KU. Bahati njema lugha ile inaruhusu kifupisho kitoke katikati ya neno, ukiandika herufi hiyo tu kwa herufi kubwa. Nikaandika kuShoto na kuLia, na wenzangu wakawa wanabonyeza S au L. Baada ya mlango mmoja programu ilizunguka na kuuliza mwingine, na mwingine, mpaka ulipobonyeza kitufe cha kumaliza bila kuonyesha nukta. Ofisi nzima ikaitumia. Mkuu wetu akanipandishia mshahara, na mimi nikapanda kichwa.

Mwaka 1997 tulipata kazi ya kuchora zahanati moja ya kijiji huko huko wilayani kwetu Bagamoyo, yenye milango 18. Muda ulikuwa mfupi. Nikajiambia: kwa nini programu iniulize mara 18 jambo ninaloweza kulikata mara moja? Nikaiandika upya. Niliweka nukta katikati ya kila uwazi wa ukuta. Programu ikazikusanya nukta zote kwa mkupuo, ikatazama ukuta umeelekea wapi, ikatia mlango. Bawaba kushoto. Kufungukia ndani. Kufumba na kufumbua, milango 18 ikawa imekaa, na jedwali la milango likaandikwa lenyewe pembeni: namba, upana, mkono. Niliwaita wenzangu waje waone. Tulicheka kwa furaha.

Mkandarasi alipotafuta seremala wa karibu, watu walimtajia baba. Nilifurahi mno. Nilijiona nimemrudishia mzee wangu kitu, maana mchoro ni wangu na milango ni yake. Siku chache baadaye binamu yangu alifika mjini, akanipa kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli ya useremala, herufi kubwa zilizolala:

"Mwanangu, karatasi yenu inasema milango yote kumi na minane ni ya mkono wa kushoto. Ni kweli? Hata cha kujifungulia?"

Nilikuwa na kazi nyingine mbele yangu. Sikufungua hata mchoro. Nikachukua karatasi yenye nembo ya ofisi, nikamjibu: "Baba, fuata mchoro. Umetoka kwenye kompyuta."

Ninalirudia jibu hili hapa neno kwa neno kwa sababu nimelibeba tangu siku ile, na nadhani adhabu yangu ndogo ni kulichapisha.

Baba alifuata mchoro. Alitengeneza fremu 18 na mabawa 18, ya mkongo, kila bawa likiwa na kipande kizito chini na chepesi juu, kwa hiyo huwezi kuligeuza kichwa chini. Alichimba nafasi za bawaba na za kitasa, akafunga. Mkunga alipokuja kuangalia jengo kabla halijakabidhiwa, alisimama katika mlango wa chumba cha kujifungulia, akaufungua, na ukaja kusimama hasa mahali pa kitanda. Akauliza machela itaingiaje. Hakuna aliyemjibu. Mlango wa choo uligonga sinki. Milango miwili ya vyumba vilivyopakana iligongana ubawa kwa ubawa. Walipoihesabu, milango 11 kati ya 18 ilikuwa ya mkono usiofaa. Na kwa kuwa watu waliona aliyeifunga, si aliyeichora, ikasemwa pale pale kwamba mzee amezeeka, haoni vizuri.

Habari zilinifikia Ijumaa. Jumamosi alfajiri nilipanda basi. Barabara ya Bagamoyo wakati ule ilikuwa bado haijatiwa lami yote, na mashimo yake yalinipa muda wa kutosha wa kutunga maneno ya kusema. Nilimkuta baba amepiga magoti katika mlango wa chumba cha kujifungulia, patasi mkononi. Alikuwa akikata vipande vidogo vya mkongo, anavigonga ndani ya nafasi za bawaba za zamani ili avizibe, kisha anachimba nafasi mpya kwenye mwimo wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Aligonga kipande kimoja mpaka kikakaa sawa na mbao. Akapuliza vumbi.

"Nilikuuliza, mwanangu."

"Ndiyo, baba."

"Nilikuuliza. Hiyo kompyuta yako, yenyewe ilikuuliza?"

"Haikuniuliza."

"Kwa nini?"

"Zamani ilikuwa ikiuliza. Niliifundisha isiulize."

Alinitazama kidogo, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa kwa hasira. Kisha akasema, "Haya, nishikie hapa," nami nikashika mwimo. Nilishika miimo siku ile na Jumapili yote. Kazi nzima ilimchukua siku tisa, na siku hizo mkandarasi hakumlipa. Nilipompelekea fedha mwisho wa mwezi alizihesabu, akatoa za mbao na za skrubu, akanirudishia zilizobaki. "Hizi ni za siku," alisema. "Siku huwezi kunilipa."

Nimefikiri sana kuhusu kosa lile. Watu wangu wa karibu niliowasimulia walisema kosa ni la mashine. La hasha. Mashine ilitii, kama ilivyotii siku ya radiani. Wengine walisema kosa ni kutaka haraka, na haraka haraka haina baraka. Hilo lina ukweli, lakini nalo halitoshi, maana kigezo cha baba nacho kilikuwa cha haraka, na bloku ni jambo jema. Kosa langu lilikuwa mahali padogo zaidi. Katika kila kazi kuna sehemu inayojirudia na sehemu isiyojirudia. Umbo la mlango linajirudia. Mahali pake na upande wake havijirudii, kwa kuwa vinategemea kitanda, upepo, sinki, na mwanamke mwenye uchungu anayeletwa kwa machela usiku. Programu ya kwanza ilijua tofauti hiyo. Ilibeba yenyewe yanayojirudia, na yasiyojirudia ilisimama ikauliza. Mimi niliyaona yale maswali kuwa ucheleweshaji, nikayaondoa, na pamoja nayo nikaondoa nafasi pekee ambayo mtu angeweza kufikiri. Tena, baya zaidi, mtu mwenyewe alipouliza kwa penseli, nilimjibu kama programu isiyouliza.

Jumatatu ile nilirudi ofisini, nikalifuta faili la programu ya pili, nikaifungua ya kwanza. Niliibadilisha mambo mawili. Kwanza, niliufanya mlango uning'inie kwenye kipanya kabla haujawekwa. Kuna neno pause, ambalo likitiwa ndani ya amri huipisha mikono ya mtumiaji. Akisogeza kipanya, bloku inasogea nayo, anaiona inavyozunguka, na hapo ndipo anapobonyeza. Mtu hajibu tena swali kwa tarakimu tu. Anauona mlango ukifunguka kabla haujatiwa. Pili, niliyabadilisha maneno ya swali. Zamani yaliandikwa "Onyesha pembe." Nikaandika: "Mlango unafungukia wapi?"

Halafu nilimwomba mkuu wetu tuweke sharti moja: vitanda, masinki na makabati viingizwe kwenye mchoro kwanza, milango ifuate. Hapo awali tulifanya kinyume, kwa sababu ukuta na mlango huonekana kuwa ndiyo nyumba, na kitanda huonekana kuwa mapambo. Mkuu alikubali. Vijana waliokuja baadaye walilicheka swali langu la Kiswahili, ila walilijibu. Mmoja wao alihamia ofisi nyingine na disketi mfukoni. Miaka kama kumi baadaye nilikwenda ofisi hiyo kwa shughuli, nikasimama nyuma ya binti mmoja aliyekuwa akichora shule, na chini ya kioo chake nikaona: Mlango unafungukia wapi? Nilimwuliza nani aliandika swali lile. Akasema, "Sijui, mzee, tumelikuta tu." Sikumwambia.

Tangu toleo la 2006, AutoCAD ina bloku zinazobadilika zenyewe. Mlango mmoja una kishale, ukikibonyeza unageuka upande wa pili. Mambo niliyoyahangaikia usiku kwa mabano, kijana leo anayapata bila kuandika mstari. Ni vizuri. Lakini kishale kile nacho hakijui kitanda kiko wapi. Lazima mtu akibonyeze, na kabla ya kukibonyeza lazima awe amemwuliza mtu.

Nimalizie na nyumba yetu. Mwaka 2013 yalitiwa saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Bagamoyo, eneo la Mbegani, jirani zetu kabisa. Kijijini watu wakaanza kuhesabu minazi na vyumba, wakiwaza watakwenda wapi. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2015, na mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Mimi mwaka 2014 nilichukua futi ya chuma, nikaenda nyumbani kuipima nyumba ya baba, ili lolote litakalokuja likute imo kwenye karatasi.

Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi wa kati unaonyooka hadi uani, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Kuta ni za fito na udongo zilizopigwa lipu baadaye. Bati lilichukua mahali pa makuti. Milango minane. Baba alikuwa amedhoofika, anatembea kwa mkongojo, lakini alisisitiza kunifuata chumba kwa chumba. Niliweka kompyuta yangu ndogo juu ya kiti ukumbini. Kila mlango nilioufikia, nilimgeukia.

"Baba, mlango huu unafungukia wapi?"

Angeweza kuniambia nitazame kwa macho yangu, maana mlango ulikuwa mbele yetu. Hakusema hivyo. Alijibu mmoja baada ya mwingine, na kila jibu lilikuwa na sababu yake. Huu unafungukia ukutani, kwa sababu bibi yako alilala nyuma yake na hakupenda kuonekana kutoka ukumbini. Huu wa uani unafungukia nje, kwa sababu kusi likivuma moshi wa jikoni usisukumwe ndani. Huu wa mbele una mabawa mawili, lakini bawa la kushoto hufunguliwa kwa harusi na kwa maiti tu.

Tulipofika mlango wa chumba chao yeye na mama, niliona kitu kwenye mwimo ambacho sikuwahi kukiona, ingawa nilikulia mle. Vipande vitatu vidogo vya mbao, vimezibwa vizuri mno mahali palipokuwa na bawaba. Nilivigusa.

"Hata wewe, baba?" nikamwuliza. "Ulikosea?"

"Sikukosea," alisema. "Mama yako alipougua mguu, kitanda tulikihamisha. Mlango ukawa unamficha. Mimi nikiwa bandani simwoni. Nikauliza tena, nikahamisha bawaba."

Nikabonyeza bawaba ilipo. Nikauzungusha mlango kwa kipanya, polepole, mpaka ukasimama kama ule wa kweli, nikageuza kioo ili aone. Alitazama kwa muda mrefu, uso karibu na kioo.

"Ndipo," alisema.

Alifariki miaka mitatu baadaye. Nyumba ipo, na mchoro wake nimeuhifadhi katika sanduku la bati, pamoja na kile kijikaratasi cha penseli. Waswahili wanasema kuuliza si ujinga, na methali hii husemwa kwa kawaida ili kumpa moyo anayeuliza. Mimi nimeishi na upande wake wa pili. Anayeulizwa naye ana wajibu: afungue mchoro, atazame, kisha ajibu.